Kabla Hujawasha Udi

Leo tuna habari ya nyumbani kabisa, na ni habari ambayo watu huona haya kuiuliza. Nyumba yenye wanyama, utafanyaje inukie vizuri? Nitasema zaidi juu ya paka, kwa sababu huku kwetu pwani paka ndiye tunayeishi naye chini ya paa moja. Mbwa nitamgusa, na kasuku aliyemo tunduni nitamgusa pia, maana naye ana lake.

Kwanza tujiulize, haya inatoka wapi? Inatoka hapa: kumwambia mtu kwamba nyumba yake inanuka ni matusi. Basi mgeni anakaa, anakunywa chai yake, anaaga vizuri, anaondoka. Hasemi. Na mwenye nyumba hajui, wala si kwa uzembe. Pua ya binadamu ikishinda na harufu moja huacha kuitambua. Muuza papa hausikii mnuko wa papa wake. Tunaopita ndio tunaousikia. Kwa hiyo usiiamini pua yako ukiwa umeshinda ndani. Ukirudi kutoka sokoni au kazini, fungua mlango, simama pale kizingitini, vuta pumzi. Pumzi ile ya kwanza ndiyo itakayokwambia ukweli, kwa sababu baada ya dakika chache pua imeshazoea tena. Au mwombe mtu anayekupenda, dada yako, shoga yako, mkwe mliyezoeana, akwambie bila kukuficha.

Haya. Tuseme umeambiwa. Mkono wako unakwenda wapi kwanza? Kwa wengi wetu unakwenda kwenye chetezo. Tunatia makaa, tunaweka udi, ule uliopikwa nyumbani kwa sukari na marashi, moshi unapanda, nyumba inanukia. Mimi udi naupenda, na sitaki mtu aniambie niache udi. Lakini tuulizane kwa haki: moshi ule umeondoa nini? Ule mkojo uliokauka nyuma ya kochi bado upo. Kesho asubuhi udi umekwisha, na kilichobaki ni kile kile cha jana. Ndiyo maana nasema, na nitalirudia hili leo mpaka mnizoee: chanzo kwanza, udi baadaye. Chanzo kwanza, udi baadaye.

Waliosoma madrasa wanalikumbuka somo la tohara. Najisi haiondolewi kwa manukato. Unaondoa ile najisi yenyewe, na rangi yake, na harufu yake, kwa maji. Paka mwenyewe si najisi, hilo tunalijua, ndiyo maana anapita kwenye mswala na hatumfukuzi. Lakini mkojo wake ni najisi, na mahali alipokojoa hapasaliwi mpaka pamesafishwa. Basi jambo hili tulifundishwa tukiwa wadogo, kabla hatujapata fedha ya kununua makopo ya kupulizia.

Sasa, mkojo wa paka una nini hata ukawa mkali hivi? Paka asili yake ni mnyama wa nchi kame. Mwili wake unajua kubana maji, hivyo mkojo wake unatoka mzito. Ndani yake kuna urea. Mkojo ukiwa mbichi haunuki sana, na hapo ndipo tunapodanganyika tukapita tu. Bakteria wakishaifikia ile urea wanaigeuza kuwa amonia, ile inayochoma pua na macho. Na kwa paka dume ambaye hajahasiwa kuna la ziada: mkojo wake una felinini kwa wingi, na felinini ikivunjika hutoa vitu vyenye salfa ndani yake. Ule mnuko wa dume ambao ukishausikia mara moja huusahau, ndio huo.

Kisha kuna hali yetu ya hewa. Wakati wa kaskazi, jua kali na upepo, doa lililokauka linaweza kukaa kimya ukadhani limekwisha. Masika ikiingia, hewa ikajaa unyevu, linaamka. Watu hushangaa: paka hajakojoa ndani mwezi mzima, mbona nyumba inanuka? Inanuka kwa sababu la zamani halikuondolewa.

Basi tulitafute. Na hapa nataka mnifuate polepole, kwa sababu nusu ya kazi iko kwenye kutafuta. Usiku, zima taa zote. Chukua ile tochi ndogo ya mwanga wa zambarau ambayo wakala wa pesa za simu anakagulia noti. Ndiyo, ile ile; kaiazime, au nunua yako. Pitisha mwanga chini, polepole, kando ya kuta. Mkojo uliokauka hung'aa kwa rangi ya umanjano hafifu. Angalia nyuma ya mlango. Angalia mguu wa kochi, pembe ya kabati, ncha ya pazia inayogusa chini, mahali unapoweka viatu. Mabaki ya sabuni nayo hung'aa, kwa hiyo ukiona doa usikate shauri kwa macho tu: piga magoti, sogeza pua. Weka alama kwa chaki, endelea.

Na angalia doa liko wapi. Hili ni muhimu. Kama liko ukutani, kimo cha paka aliyesimama, limechuruzika kwenda chini, huyo hakuwa anataka choo. Alikuwa anaweka alama: anageuza mgongo, anainua mkia, mkia unatetemeka, ananyunyiza kidogo. Kama liko chini, limetandaa kama dimbwi dogo, huyo alichuchumaa akakojoa. Mambo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake, tutafika huko.

Umelipata doa. Unafanyaje? Kama ni bichi, chukua kitambaa cha pamba kikavu, kiweke juu, kibonyeze kwa kiganja. Usisugue. Ukisugua unausukuma mkojo ndani zaidi. Badilisha kitambaa, bonyeza tena, mpaka kitambaa kinatoka kikavu. Halafu maji ya kawaida na sabuni kidogo, bonyeza tena, suuza. Baada ya hapo, siki nyeupe uliyoichanganya na maji kiasi sawa kwa sawa. Siki ni asidi, na amonia haiwezani na asidi. Harufu ya siki yenyewe itakwenda ikikauka.

Lakini ngoja, usimimine siki popote. Kama sakafu yako ni ya tarazo au marumaru, siki inaila. Inaondoa ule mng'aro, na haurudi. Na wale wenzetu wa nyumba za zamani, Mji Mkongwe wa Unguja, Lamu, Mji wa Kale wa Mombasa, kuta zenu ni mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa na asidi hazipatani. Kuta hizo zina vinyweleo, zinakunywa kila kinachozigusa. Dume akinyunyiza hapo, tumia maji na sabuni, sugua kwa brashi laini, suuza mara kadhaa, acha pakauke kabisa kwa siku kadhaa, ndipo upake chokaa upya. Ukipaka chokaa juu ya ukuta ambao bado una mkojo ndani yake umefunika tu, na tumeshakubaliana kuhusu kufunika.

Kwa vitu laini, zulia, mto, kochi, godoro la sponji, sabuni na siki huenda zisitoshe. Hapo unahitaji vimeng'enya, vile tulivyosomeshwa kwenye baiolojia, vinavyovunja uchafu ukawa vipande vidogo visivyonuka. Zipo dawa za kusafishia zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kwenye maduka ya dawa za wanyama na maduka makubwa ya mjini. Kama hukuzipata, soma pakiti za sabuni ya unga ya kufulia. Baadhi zina vimeng'enya na huandikwa. Siri yake ni moja: vimeng'enya vinataka muda. Ukipaka na kufuta papo hapo umepoteza fedha. Ipake, hakikisha imefika ndani kama mkojo ulivyofika, funika kwa kitambaa chenye unyevu, acha saa nyingi, ndipo usuuze.

Halafu jua. Jamani, tuna jua la bure na tunalisahau. Godoro lisimamishwe ukutani nje, ule upande wenye doa ulielekee jua. Zulia lianikwe kichwa chini, kwa sababu mkojo umeteremkia upande wa chini. Mkeka wa ukili usiuloweke. Uoshe haraka, usuuze, uanike siku ile ile, maana ukilala na maji utaota ukungu na utakuwa umebadilisha harufu moja kwa nyingine.

Sasa nije kwenye lile ambalo ndilo hasa lililonifanya nichague mazungumzo haya. Vitu tunavyotumia kwa nia njema vikatudhuru, sisi na wanyama wetu.

La kwanza ni jiki. Mtu anaona mkojo, anamimina jiki. Nimeshasema mkojo unatoa amonia. Jiki ikikutana na amonia inatoka hewa yenye sumu, inayochoma macho na koo na kukufanya ukohoe. Kwenye choo kidogo kisicho na dirisha, hilo si jambo la mchezo. Na jiki ukiichanganya na siki, au na zile dawa za choo zenye asidi, inatoka klorini, mbaya zaidi. Kwa hiyo mkojo hausafishwi kwa jiki, na jiki haichanganywi na siki. Narudia kwa mama anayesafisha sasa hivi huku redio ikiwa dirishani: jiki haichanganywi na siki, wala haimiminwi juu ya mkojo.

La pili ni zile dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa ukizitia katika maji. Nyingi katika hizo zina fenoli. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja fenoli kama ini letu. Na paka anajilamba. Anatembea kwenye sakafu uliyodeki, anakaa kwenye kiti, anaanza kulamba nyayo, moja baada ya nyingine, na dawa yote inaingia tumboni. Sakafu ya nyumba yenye paka, sabuni ya kawaida na maji yanatosha. Kama lazima utumie dawa ile, suuza vizuri, na paka akae nje mpaka pakauke.

Hapa wasikilizaji wa Unguja na Pemba mnisamehe, nitagusa mafuta ya karafuu. Tunayaona ni dawa ya kila kitu, jino, kifua, mbu. Lakini kile kinachofanya mafuta ya karafuu yawe na nguvu, eujenoli, nacho ni jamaa ya fenoli. Usimpake paka, usiyadondoshe kwenye maji ya kudeki anapolala. Vivyo hivyo mafuta mengine makali ya mimea yanayouzwa kwenye vichupa.

La tatu, vile vidonge vyeupe vya mviringo vya kabatini, naftalini. Watu huvitupa chini ya kochi ili paka asikojoe hapo. Vina sumu kwa paka na kwa mbwa, hasa wakivimeza. Na tukiwa hapo hapo, hata kwa watoto wachanga. Nchi zetu za malaria zina watoto wengi wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na mtoto wa namna hiyo akivishwa nguo zilizokaa na naftalini, chembe nyekundu za damu yake zinaweza kuvunjika. Viondoeni tu.

Na moshi. Kasuku, njiwa, ndege yeyote wa ndani, mapafu yake yameungana na vifuko vya hewa vilivyoenea mwilini, na hewa chafu inamwingia kwa kasi kuliko inavyotuingia sisi. Kama una ndege, siku ya kufukiza mtoe kwanza, mpeleke kwenye upepo, fungua madirisha, na umrudishe moshi ukishatoka wote. Tundu lake lisafishwe kila siku, gazeti la chini libadilishwe, na hutahitaji kufukiza kwa ajili yake.

Enhe. Tuje kwenye choo cha paka. Paka wengi wetu ni wa kutoka na kuingia, wanakwenda uani au kwa jirani, na jirani anavumilia. Lakini wanaoishi ghorofani paka wao hana pa kwenda. Beseni pana la plastiki linatosha. Ndani yake weka mchanga mkavu, au unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala, ambao hunywa maji kuliko mchanga. Muulize tu kama mbao zile hazikupakwa dawa ya mchwa. Paka mmoja mpe mabeseni 2, paka 2 mabeseni 3. Mnacheka? Paka ni msafi kuliko tunavyomdhania. Akikuta beseni chafu, anatafuta pengine, na pengine ni zulia lako. Usiliweke beseni karibu na chakula chake. Wewe ungekula chooni?

Kinyesi kiondolewe kila siku. Hili lina sababu kubwa kuliko harufu. Kuna kijidudu kiitwacho toksoplazma, ambacho paka aliyeambukizwa hukitoa katika kinyesi, na ambacho ni hatari kwa mimba. Kikitoka hakiambukizi papo hapo. Kinahitaji kati ya siku 1 na 5 kukomaa. Ukisafisha kila siku umekitupa kabla hakijawa na nguvu. Na mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hii. Kama hana wa kumwachia, avae glavu na anawe mikono kwa sabuni. Hana haja ya kumfukuza paka.

Chakula nacho tusikisahau. Vichwa vya samaki na dagaa ndivyo tunavyowapa. Sahani ikiachwa na mabaki tangu asubuhi, jioni utamsingizia paka harufu ya samaki. Mpe kiasi anachomaliza, osha sahani.

Mbwa, kwa kifupi, maana wengi wanalala nje. Mbwa akinuka, usikimbilie kumwogesha kila siku kwa sabuni yetu ya kuogea. Ngozi yake si kama yetu, inakauka na kuwasha, na akijikuna vidonda vinanuka zaidi. Mwangalie masikio, hasa mwenye masikio ya kuning'inia: yakiwa na uchafu mweusi na mnuko, hayo ni maradhi. Mwangalie meno. Akiburuza makalio chini, kuna vifuko viwili vidogo kando ya njia ya haja kubwa vimejaa, daktari wa mifugo atavikamua. Akilowa mvua, mkaushe kwa taulo kabla hajaingia. Na matandiko yake yafuliwe, kwa sababu mara nyingi mbwa ni safi, kinachonuka ni gunia analolalia.

Sasa turudi kwenye yale madoa mawili, la ukutani na la chini, maana niliahidi.

La ukutani, la kunyunyiza: mara nyingi ni dume mzima. Majike nao hunyunyiza, lakini kwa uchache. Dawa yake ni kuhasiwa. Najua neno hili linawakera baadhi yenu, hasa kina baba, mnaona ni kumdhulumu mnyama. Nawaelewa. Lakini tazameni maisha ya dume asiyehasiwa mtaani kwetu: masikio yaliyochanika, jicho moja, majipu ya kuumwa na wenzake, usiku kucha kulia juu ya mabati. Wakihasiwa, madume wengi huacha kunyunyiza, na ule mnuko mkali wa mkojo hupungua kwa sababu felinini inapungua. Ni upasuaji mdogo, anapewa dawa ya usingizi, kwa kawaida anarudi nyumbani siku ile ile. Ni bora afanyiwe angali kijana, kabla kunyunyiza hakujawa mazoea.

La chini ni jambo jingine. Paka aliyekuwa akitumia beseni vizuri, akaanza ghafla kukojoa kitandani, juu ya nguo, kwenye vigae vya bafuni. Tunafanya nini? Tunampiga. Tunamsukumia pua kwenye mkojo. Wasikilizaji, nawaomba sana, msimpige. Paka haunganishi kipigo na mkojo wa saa iliyopita. Anachojifunza ni kukuogopa, na paka mwenye hofu hukojoa hovyo zaidi. Mara nyingi paka huyu anaumwa. Kibofu kinamchoma, figo zinaanza kuchoka, au ana kisukari, maana paka nao hupata kisukari. Amekuja kuhusisha beseni na maumivu, ndiyo maana analikimbia. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla hujanunua dawa yoyote ya kusafishia.

Na kwa dume, kuna alama moja ambayo naomba kila mwenye paka aishike. Ukimwona anaingia kwenye beseni, anachuchumaa, anakaza, hakitoki kitu au linatoka tone, anatoka, anarudi tena, analia, analamba chini ya mkia, huyo njia yake ya mkojo imeziba. Watu hudhani amefunga choo, wanampa mafuta ya kula, wanasema tumtazame mpaka kesho. Asisubiri kesho. Mkojo ukishindwa kutoka sumu inarudi kwenye damu, na paka anaweza kufa ndani ya siku 1 au 2. Mbebe kwenye kikapu, usimbonyeze tumbo, nenda kwa daktari usiku huo huo, na ukifika mwambie maneno haya: hajakojoa tangu saa fulani. Atajua la kufanya.